Bila Kutia Chumvi

Sitatia chumvi katika habari hii.
Iliyopo inatosha: imelala kuanzia chini ya magurudumu
hadi pale mbingu inapochoka kuwa mbingu,
ikajilaza kando yake, nyeupe, bila mshono.

Tuliondoka Kharaghoda alfajiri kwa jipu la Mehbub,
mlango mmoja umefungwa kwa waya.
Masika, alisema, hapa ni maji matupu,
kamba huogelea hapa tunapopita.
Sikuamini. Akasimama, akachimba kwa kisigino,
akaniwekea kiganjani gamba moja,
jepesi kama ukucha wa mtoto.

Punda mwitu walitutazama kwa mbali,
rangi yao rangi ya chai ya maziwa,
kwato zao hazigusi chini.
Nyuma yao palikuwa na ziwa, na miti, na kivuli.
Mazigazi hayo, alisema Mehbub, usiyaendee.
Mjomba wangu aliyaendea.
Hakuongeza neno. Akabadilisha gia.

Nilikuwa nimekuja kuona weupe.
Niwe mkweli: nilikuja kupiga picha za weupe.

Kisha kibanda: magunia, nailoni, mti mmoja wa kusimamishia,
na paneli za jua zenye vumbi, zinavuta maji ya kisimani
ambayo ni makali kuliko bahari.
Ranchhod yumo jarubani tangu usiku,
pekupeku, anaburuta reki ya mbao,
kwaru, kwaru,
anaivunja chumvi usingizi isigande ovyo,
ikue punje kwa punje, nene kama jino la ng'ombe.
Miezi minane anailea hivyo.
Mwezi wa tatu tajiri huja na daftari,
na deni limeshatangulia kuandikwa.

Mama yake, Jiviben, alikaa mlangoni
akimsikiliza mwanawe, kwani kumwona hamwoni tena;
weupe ule ule nilioufuata mimi
ulishaingia machoni mwake ukakaa.
Alinimiminia chai kwa kupapasa, haikumwagika hata tone.
Maji yake yalikuja kwa lori, siku sita zilizopita.
Chai haikuwa na chumvi.
Nikashangaa, kisha nikaona haya kwa kushangaa.

Ili nisikae kimya nikasema:
kwetu mtu wa umri wako, mama,
tunasema amekula chumvi nyingi.
Mehbub akasita kabla ya kutafsiri.
Ilichukua muda.
Hata reki, nadhani, ilinyamaza.

Bibi akacheka, cheko la pengo na kikohozi.
Mwambie huyu mgeni mimi sikuila.
Akanyoosha mguu, akaugonga kwa kijiko;
ulilia kama ubao.
Walipomchoma baba yake Ranchhod, alisema,
moto ulimla wote, ukazikataa nyayo.
Tukazizika peke yake, na konzi ya chumvi juu.
Basi nani amemla mwenzake, huko kwenu mnasemaje?

Huko kwetu hatusemi kitu.
Nilikunywa chai yangu mpaka masimbi.

Kamera ilibaki mkobani. Si kwa wema:
betri ilikuwa imekwisha kwa punda.

Jua lilipoanza kupinda tukaaga.
Tejal, binti wa Ranchhod, miaka tisa,
alitusindikiza hadi kwenye tuta
akiwa na kioo cha kunyolea cha baba yake.
Simu haishiki huku, akaeleza Mehbub; wanasemezana kwa mwanga,
jaruba hadi jaruba, kilomita tatu, nne,
njoo, kuna mgonjwa, lori limeonekana, shangazi kajifungua.

Tulikuwa tumeshafika mbali, kibanda kimekuwa nukta,
nukta imekuwa shaka,
ndipo mwanga ukapiga kioo cha pembeni cha gari:
mara moja, mara mbili, kimya, mara moja.

Anasema nini?
Mehbub alitazama muda mrefu kuliko barabara ilivyoruhusu,
ingawa barabara haikuwepo.
Labda anaaga, alisema.
Labda wanaita maji.
Kutoka huku nyuma ya usukani
siwezi kujua.